Mate Yangu Kwenye Paji la Jaël

Mwanangu alinifukuza nyumbani kwake mchana kweupe, majirani wakiangalia, kwa sababu ya mate.

Mate yangu mimi, Hélène wa Likasi, ambaye sijawahi kuroga hata kuku.

Kwetu nkambo, yaani bibi, humbariki mjukuu kwa kumtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Nilimfanyia hivyo Jaël alipoanza shule. Baadaye taya lake likavimba mpaka jicho likaanza kuzibika.

Mwanangu Cyrille akampeleka kwa nabii Clovis.

"Ni nkambo yake," nabii akasema. "Mate yake iko na bulozi, ni uchawi. Mumufukuze, mutoto aombewe. Dawa ya hôpital asiguse."

Nikabeba kifurushi changu hadi kwa dada yangu, huko mjini Kakanda. Njia nzima nilisema: Clovis, nitakukomesha.

Tina, mke wa Cyrille, ndiye aliyechoka na maombi. Alimtoroka mumewe akanifuata, mtoto mgongoni.

"Mama, miye siogope mate yako. Naogopa hii taya. Twende hôpital."

Tukaenda Lubumbashi. Wakakata kinyama kidogo, wakapima. Daktari akasema ni limfoma, kansa ya tezi. Kuna virusi vinavyohusika, na malaria ya kila mara huvipa nguvu.

"Ile virusi inapitia wapi, docteur?" nikauliza.

"Mu mate."

Kumbe yule mwongo alisema kweli?

"Apana, mama," daktari akasema. "Karibu sisi wote tuko nayo, ata miye. Watoto wengi wanaipata na hawagonjwe. Usimulaumu muntu. Inatibika, lakini mumechelewa."

Niligeuka nimfiche Tina machozi. Ndipo nikaona kitanda cha jirani.

Mtoto wa kiume, taya kama la Jaël, ila lake lilishaanza kupungua. Kando yake ameketi Martine, mke wa nabii Clovis.

"Ile siku walikufukuza, Elie wetu alikuwa hapa tayari," akaniambia, macho chini. "Clovis alikataza tuseme."

Elie hana kosa. Nilimmenyea chungwa. Lakini hasira niliitunza vizuri, kama nguo ya Noeli.

Jaël alipopona, baada ya miezi ya dawa za hospitali, tuliingia kanisani Jumapili, wakati wa ushuhuda. Nikashika maikrofoni.

"Prophète, Elie wako alivimba taya sawa Jaël. Yeye, nani alimutemea mate?"

Clovis akafungua Biblia, akaifunga. Aliyejibu ni Martine, kutoka kwaya.

"Hakuna muntu. Siye tulimukimbiza hôpital."

Watu wakaanza kuinuka, benchi kwa benchi, wakatoka. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Cyrille alinipigia magoti palepale. Nimerudi kwake, ndiyo. Ila maji yangu ya kuoga anachota yeye kila asubuhi, na mtaa wote unamwona. Sijamaliza naye.

Nawe unayesoma, taya la mtoto likivimba, kimbia hospitali. Mchawi utamtafuta mtoto akishapona, kama bado utamhitaji.