Kuku Niliowachinja Mwenyewe

Kwetu mwanamke hachinji. Tangu utotoni nimeona wanawake wamesimama mlangoni, kuku mkono mmoja na kisu mkono mwingine, wakingoja mwanamume yeyote apite, hata wasiyemjua, wamwombe awachinjie. Mimi sikuwahi kusimama hivyo. Mume wangu, fundi cherehani wa Mchikichini, ndiye aliyechinja kuku wa nyumba nzima tuliyopanga Kariakoo, wetu na wa majirani.

Alinoa kisu chumbani, kuku wasikione. Alimnywesha kuku maji, akamkumbatia kwapani mpaka atulie, akampeleka nyuma ya tangi la maji ili wenzake wasitazame. Kisu kilipita mara moja tu. Hakumtupa chini arukeruke kama wengi wanavyofanya. Alimbana mbawa na miguu mpaka mwili wote ukalegea, ndipo akanikabidhi.

Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Kabla hatujazoea hali hiyo, warithi wa mwenye nyumba wakauza kiwanja kwa mtu wa kujenga ghorofa, tukaambiwa tuhame. Chumba tulichopata Vingunguti hakikuwa na ua wa kufugia. Nikaona tuwachinje kuku wetu, niwapikie majirani pilau, tuagane vizuri.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaja kuchinja. Nilimpa kisu, akasema hiki kinatosha, hakuna haja ya kukinoa. Akamkanyaga jogoo palepale mbele ya banda, akakereza shingo kama anayekata kamba, akamtupa. Jogoo akasimama. Akakimbia uani shingo ikining'inia, akarusha damu kwenye kanga za jirani zilizoanikwa, akajikwamisha chini ya karo la kufulia. Shemeji alicheka. Alipomtoa, bado macho yalikuwa yanapepesa, akamkata tena.

Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake kibarazani. Alipiga mkono wa kushoto kwenye kiti, akawa anahangaika na neno mpaka jasho likamtoka. Hatimaye likatoka.

"Mpe mke wangu kisu."

Shemeji akamwambia kaka yake kwamba maradhi yamempanda kichwani. Adhana ya alasiri ikasikika, akanawa, akaenda msikitini, akisema atamalizia akirudi.

Sikumngoja. Nilinoa kisu chumbani, nikasogeza kiti cha mume wangu nyuma ya tangi. Alinielekeza kwa neno moja moja: maji, kibla, chini ya taya. Nikatamka Bismillahi, nikapitisha kisu. Kilikata kirahisi kuliko nilivyotegemea, na wepesi ule ndio ulionitisha. Nikambana yule tetea kama nilivyomwona mume wangu akifanya. Tetea alitulia kidogo, kisha akaanza kupiga mateke kwa nguvu ambazo hakuwa nazo akiwa hai. Nilitaka kumwachia.

"Bado anaumia," nikasema.

"Gusa jicho."

Nikaligusa kwa ncha ya kidole. Halikupepesa. Miguu ilikuwa bado inasukuma kiganja changu.

"Kashaenda," alisema mume wangu. "Mwili tu huo."

Niliwachinja wote waliobaki namna hiyo, kila mmoja nikagusa jicho lake. Sikufurahi, ila mume wangu alinitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani.

Shemeji aliporudi alisimama katikati ya ua, akatangaza kwamba nyama ile ni kibudu. Nikampigia simu ustadhi anayefundisha watoto wa mtaa, nikaweka sauti juu kila mtu asikie. Ustadhi akasema mwanamke Mwislamu akichinja kwa masharti yake, nyama ni halali, haina shaka. Majirani wakaitikia kwa vichwa. Wakakubali kabisa.

Lakini pilau ilipoiva, jirani wa chumba cha pili, niliyemuuguza alipojifungua, akaniuliza kwa sauti ya chini kama jogoo wa shemeji nilimpika sufuria moja na hao wengine. Nilikuwa nimempika peke yake, maana nyama ya jogoo ni ngumu. Nikamwonyesha sufuria. Wote wakamla jogoo huyo: yule aliyekimbia uani na shingo nusu, aliyekatwa mara mbili akiwa anaona. Walimgawana vipande vidogo vidogo, wakasifu viungo.

Mume wangu aliomba apakuliwe kutoka sufuria yangu. Alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, mchuzi ukimtiririka kidevuni, na hakuruhusu nimfute. Hakuna aliyekaa naye kwenye mkeka isipokuwa mimi.

Nyama iliyobaki niliwapa paka wa mtaani kesho yake, kabla kirikuu haijaja kubeba vyombo.

Sikukuu zikifika, wale majirani hunipigia simu kunitakia heri. Nami huwajibu kwa adabu, nawaulizia watoto wao. Wanasema wamekumbuka pilau yangu.