Kiti cha Mlangoni

Ti, ti, ti. Ni pete ya Baba Askofu ikigonga chuma cha kitanda. Mpaka leo mtu akigonga glasi kwa pete, mimi nishanyanyuka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nina miaka ishirini na mbili, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Lewisham, London. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini ndoto nilikuwa nazo hadi za kugawa. Nitafungua saluni, ukuta mzima vioo! Yeye alikuwa askofu wa Kianglikana, Mwingereza, aliyetumikia Tanganyika enzi za mkoloni. Uzee ulikuwa unamnyang'anya Kiingereza kidogo kidogo, Kiswahili kikabaki, tena kile kilichonyooka cha kitabuni. Basi nikapewa mimi nimtunze, maana Kiswahili ndiyo lugha yangu.

"Baba Askofu, utakuja kubariki saluni yangu?"

"Nitabariki hata mkasi, mwanangu."

Mwenzangu wa zamu, dada mmoja wa Kikongo, hakuniacha salama. "Eh, muzungu yako anakuita! Kimbia, bibi-arusi!"

Chumbani mwake kulikuwa na kiti cha mbao, karibu na mlango, na hakutaka mtu akikalie wala akisogeze. Alinieleza sababu kwa vipande vipande, siku nyingi. Zamani zile, Mkristo aliyetengwa na Kanisa alikaa benchi la nyuma kabisa, mlangoni, hashiriki Meza ya Bwana. Alikaa hapo mpaka askofu aje, amshike mkono, amtembeze polepole hadi mbele, watu wote wakiona. Bibi yangu naye aliwahi kunisimulia benchi hilo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyempeleka mwanawe mgonjwa kwa mganga. Mtoto akafa, mama akatengwa. Barua ya kumtenga aliisaini Baba Askofu mwenyewe. Mwaka uliofuata Baba Askofu akafika kanisani kwao, na ibada ilipokwisha yule mama akasimama kwenye benchi lake, tayari. Lakini nje gari la mkuu wa wilaya lilikuwa linangoja, injini inanguruma.

"Nikamwambia, mwakani," alisema. "Kabla ya huo mwakani nikahamishwa."

Kichwani mwa Baba Askofu, yule mama alikuwa bado amekaa pale, kwenye kile kiti.

Nikajitia kumliwaza. "Alishasamehewa, Baba. Mungu hasubiri askofu."

"Mungu hasubiri, najua. Anayesubiri ni yeye."

Jumapili moja mchana, ti, ti, ti. Nikaingia, nikamkuta ameshasukuma blanketi, miguu inaning'inia.

"Nishike, mwanangu. Nikamchukue."

Kutoka kitandani hadi kwenye kiti ni hatua nne. Nne tu! Lakini alishawahi kuvunjika nyonga, na amri ilikuwa imebandikwa ukutani: asinyanyuliwe ila na watu wawili na mashine. Dada wa Kikongo alikuwa anamwogesha mzee mwingine. Meneja alipita, nikamwomba anisaidie, akatikisa kichwa, mashine iko ghorofa ya juu, nimrudishe mzee alale. Nilibaki nimemshika mabega, membamba kama henga ya koti, naye anasukuma kwa nguvu zake zote, na zote hazikutosha hata kunitikisa. Ningeweza kumbeba. Ningeweza pia kumwangusha. Sikujua la kufanya, nikafanya ninalolifanya siku zote, nikatabasamu.

"Kesho, Baba Askofu. Kesho nakuja na mwenzangu, tunakupeleka."

Akanitazama sana.

"Hata mimi nilitabasamu hivyo hivyo," akasema.

Akaegemea mto, akageukia ukutani. Pete haikugonga tena.

Asubuhi nilitoka kituo cha basi mbio. Nilishapatana na mwenzangu, na mashine tutaiteremsha mapema, kabla ya chai. Nikafungua mlango. Kitanda kimetandikwa, shuka limevutwa hata mkunjo hakuna. Alikuwa amepelekwa hospitali alfajiri, na huko hakukaa hata saa moja. Dada wa Kikongo alinikuta nimesimama tu. Hakutania. "Pole, mudogo wangu," akasema, akanikumbatia, akaenda kwa wazee wake.

Wenzangu walipoenda kula, nilirudi chumbani, nikafunga mlango. Kiti kilikuwa pale pale. Sikukiburuta. Nilikinyanyua, nikatembea nacho polepole, hatua nne, nikakiweka ubavuni mwa kitanda.