Waliohudhuria kwa Kuandika Amina

Nilimwahidi mama yake Nyemo, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, tukiwa tumesimama kwenye tuta la jaruba lake la mpunga huko Bahi, maji yakiwa yameanza kupanda: "Mama, Nyemo ataandika, mimi nitasahihisha, na shule itamhesabu kuwa yupo."

Aliviangalia viatu vyangu vilivyojaa tope. "Mwalimu, hata tuta hujui kulipita bila kuteleza. Haya, maneno yako nimeyashika."

Miezi michache kabla ya hapo, siku yangu ya kwanza kazini katika shule ile ya kanisa, Mkuu wa Taaluma, yaani mwalimu msimamizi wa masomo yote, alinikabidhi azimio la kazi, lenye mada za muhula mzima, na shajara ya kuandika kilichofundishwa kila kipindi. Mwisho alinipa daftari la mahudhurio, akaligonga kwa kidole.

"Huyu ndiye bosi wako. Asiyekuwemo humu, hayupo."

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni. Nikaona ni busara.

Mvua zilipokata barabara, wanafunzi wa ng'ambo ya mbuga, bonde linalojaa maji kila masika, hawakuweza kufika. Mkuu wa shule, Sista tuliyemheshimu sana, akaagiza masomo ya mbali. Mkuu wa Taaluma akaunda kundi la WhatsApp la wazazi. Kila asubuhi lilifunguliwa kwa sala, nao wazazi wakajibu "Amina". Kisha mimi nilituma milinganyo kumi ya Kidato cha Pili. Wakajibu "Amina". Baba mmoja alijibu akiwa ofisini Dodoma mjini, ilhali mwanawe yuko Bahi kwa bibi yake. Kila Amina iliingizwa kwenye daftari kama mwanafunzi aliyehudhuria. Wiki ya kwanza nilisaini daftari hilo kwa mkono wangu. Sifichi.

Kwa kina Nyemo kulikuwa na simu moja, ya kitochi, isiyo na WhatsApp. Kwa hiyo maswali yake na ya wenzake niliyaandika kwenye karatasi, nikampa katekista, mwalimu wa dini katika kigango chao, kanisa dogo la kijiji. Yeye alivuka maji kwa mtumbwi kila Jumamosi. Jumapili, baada ya matangazo, aliwaita watoto kwa majina na kuwagawia.

"Mwalimu," aliniambia akicheka, "waumini wanadhani nimeanza kuhubiri hesabu."

Madaftari yalirudi ndani ya mfuko wa mbolea uliofungwa kwa kamba. Nyemo alikuwa amefanya maswali yote. Pembeni aliandika: "Shikamoo Mwalimu. Swali la saba umelikosea." Nilikuwa nimelikosea kweli. Kwa wiki sita hakukosa hata wiki moja.

Maji yalipopungua, orodha ya watakaofanya mtihani wa Kidato cha Pili ikabandikwa. Nyemo hakuwemo: mahudhurio hayakutosha. Nilibeba kazi zake zote hadi ofisini kwa Sista.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Haya ya nini, Mwalimu?"

"Ni mahudhurio ya Nyemo, Sista."

Mkuu wa Taaluma, aliyekuwa ameketi pembeni, akacheka. "Tangu lini daftari likaitika 'nipo'?"

"Na Amina ya baba mtu inaitika?"

"Ile ina saa na tarehe, kijana."

"Mwanawe nilimuuliza jana. Maswali hayo hajawahi kuyaona."

Sista hakufungua daftari hata moja. "Orodha imeshapelekwa. Tukimpokea huyu, kesho watakuja wangapi? Tumwombee."

"Sista, huyu hakukosa maombi. Alikosa alama ya vema."

Akaniambia nitoke.

Nilirudi Bahi kwa bodaboda. Mama yake Nyemo alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema watamhesabu."

"Nilisema, mama."

"Basi." Alipokea madaftari, akayafuta vumbi kwa khanga yake, akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Haya si ya zamani: sijastaafu, na mvi sina. Nimeacha tu shule ile. Nyemo anarudia Kidato cha Pili, akikokotoa milinganyo aliyoimaliza mafuriko yakiwa mlangoni kwao. Hasira yangu haijapoa, wala siiombei ipoe. Kanisa lilikuwa na mtu aliyevuka maji akiwa na majina ya watoto wote, akarudi na kazi zao. Lilikuwa na shule ya mbali iliyo kamili, likaamua kuiamini simu ya baba aliyejibu bila kusoma.

Nami ninakuomba jambo moja, wewe mzazi au mwalimu mwenzangu. Nenda shuleni kwenu wiki hii, uombe kuonyeshwa daftari la mahudhurio la siku ambazo watoto hawakuweza kufika. Uliza kila aliyeandikwa hayupo alikuwa wapi, na kama kuna kazi aliyoileta. Kisha omba ifunguliwe mbele yako.