Lori Lililolambwa na Ng'ombe

Luhaga wa Bujora haijui injini, lakini ng'ombe anawajua. Mpeleke mnada wowote, atamtazama mnyama kwa mbali, atamzunguka, atampapasa nundu, atamfungua mdomo aone meno, kisha akwambie hata mama yake alikuwa wa namna gani. Watu huwa wanamcheka, halafu wanamfuata pembeni kumwomba ushauri. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo iliyotaka kummaliza mwaka ule alipoamua kununua lori.

Sababu ya kulitaka ilikuwa ya kweli. Kila msimu yeye na mkewe Modesta walivuna mpunga na viazi vitamu, na kila msimu walimsubiri mwenye lori aje kwa wakati wake na kwa bei yake. Viazi havijui kusubiri. Mwaka ule vilioza kando ya barabara magunia mazima, Modesta akakaa juu ya gunia moja akalia mbele za watu. Luhaga akasema basi, imetosha, ng'ombe wauzwe tununue lori letu, hata kama limetumika.

Lakini lori lililotumika ni mtihani. Zizi la Luhaga ndilo lililomsomesha mtoto wao mkubwa, Mashimba, na ndilo lililomtibu Modesta alipofanyiwa upasuaji. Ili lori lipatikane, nusu ya zizi ilibidi iende mnadani. Lori likiwa zima, mwaka wa pili wangeanza kurudisha ng'ombe. Likiwa bovu, wangebaki na chuma uwanjani na zizi lisilo na kitu. Luhaga alilijua hilo, na usingizi ulimpaa.

Wa kwanza kuuzwa angekuwa Shilingi, ng'ombe jike mzee mwenye doa jeupe la mviringo kwenye paji la uso. Mama yake Shilingi aliingia pale kwa mahari ya dada yake Luhaga, na karibu zizi lote lilikuwa uzao wake. Sasa maziwa yalikuwa yamepungua. Akili ilisema atangulie yeye, na Luhaga hakuuliza moyo unasemaje.

Dalali mmoja wa Buzuruga, Josephat, ndiye aliyelipata lori. Alikuwa kijana mwenye maneno matamu, na alipiga simu asubuhi na jioni.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Modesta alisema.

"Mama Mashimba, acha nikalione kwanza."

Akaenda kuliona, na hapo akakosea kama anavyoweza kukosea mfugaji peke yake. Alilikagua lori kama ng'ombe. Alilizunguka, akalipapasa ubavu, akachuchumaa kutazama matairi kama anayetazama meno, akaomba liendeshwe mbele na nyuma aone mwendo. Fundi Shimba, aliyekwenda naye kutoka Kisesa, alisikiliza injini na kusema moyo wake ni mzima. Zaidi ya yote, lori liling'aa. Lilikuwa la bluu, limepakwa rangi juu mpaka chini ya uvungu, na Luhaga anajua kwamba mnyama mwenye afya huonekana kwa ngozi. Kwamba ng'ombe hapakwi rangi, hilo halikumjia.

Hata hivyo aliweka sharti moja. Marehemu baba yake hakuwahi kumlipia mnyama kabla hajalala zizini kwake usiku mmoja, wenye nyumba wakamwona na wenzake wakamnusa. Luhaga naye hakuwahi kuivunja desturi hiyo.

"Mzee wangu, hili halili nyasi," Josephat alisema akicheka.

"Najua. Lilale tu."

Josephat akakubali, maana mteja mwenye ng'ombe haachwi hivi hivi. Akalituma lori Bujora na dereva wake, Paulo, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliyekuwa akiliendesha tangu kwa mwenyewe wa zamani.

Asubuhi Luhaga alifungua zizi kama siku zote. Siku zote ng'ombe hutoka moja kwa moja kuelekea malishoni. Siku hiyo Shilingi alisimama, akainua pua, akageuka. Akaenda mpaka kwenye lori, akaingiza kichwa chini ya bodi, akaanza kulamba. Wenzake wakamfuata. Muda si muda walikuwa wamelizunguka lori pande zote, wanasukumana, ndimi zinakwaruza chuma.

Luhaga alifurahi sana. "Umeona?" alimwambia Modesta. "Wamelipokea."

Modesta alisogea karibu. Alitazama ng'ombe, akamtazama mumewe. "Baba Mashimba," alisema, "mara ya mwisho kuwaona hivi ilikuwa siku ulipomwaga magadi."

Furaha ikamtoka Luhaga palepale. Alipiga magoti kando ya Shilingi, akapitisha kidole pale ulimi ulipokuwa, akakionja. Chumvi. Akachukua fimbo yake ya kuchungia akaigonga ile chesisi, uti wa mgongo wa lori. Rangi ya bluu ikabanduka, kutu ikamwagika kama pumba, na ncha ya fimbo ikazama ndani ya chuma.

Aliinuka akamtazama Paulo, aliyekuwa ananawa uso kwenye beseni.

"Ndugu yangu, hili lilikuwa linabeba nini?"

Paulo alijifuta uso taratibu. "Kayabo, mzee. Sangara wa chumvi. Miaka yote, kutoka mwaloni kule ziwani mpaka mpakani. Maji ya chumvi yanachuruzika humo humo." Akamwaga maji ya beseni. "Niliambiwa nisiseme. Ila sikuambiwa nidanganye nikiulizwa."

"Ahsante," Luhaga alisema, na alimaanisha. Modesta akamkaribisha Paulo uji.

Josephat alipopigiwa simu alikuja mbio, akaamkia, akashusha bei, akasema chesisi inachomelewa. Luhaga hakugomba. "Kijana wangu, lirudishe," alisema. "Wenye zizi wamekataa."

Jioni ile hakuna aliyepelekwa mnadani. Luhaga alinunua magadi, akayamimina kwenye gogo lililochongwa la kulishia ng'ombe, akakaa kuwatazama. Aliyempangia kuuzwa wa kwanza ndiye aliyetangulia kumwokoa, na hakuwa na namna ya kumwambia ahsante ila kumwongezea magadi. Akamwongezea.

Leo Luhaga ana lori, dogo kuliko lile, na madume wachache tu ndio waliouzwa. Nalo lililala Bujora kwanza. Asubuhi yake Fundi Shimba alikuja, safari hii akaanzia uvunguni na nyundo mkononi. Alipotoka huko akiitikia kwa kichwa kwamba ni zima, Luhaga alisema ngoja kwanza, akafungua zizi.

Ng'ombe walilipita lori wakaenda zao malishoni. Shilingi, aliyekuwa wa mwisho kwa uzee, alisimama kidogo mbele ya gurudumu. Akalinusa, akaendelea na safari.

"Hili tunalilipia," Luhaga alisema.