Mikono Miwili ya Mchungaji

Mchungaji yule hakuwahi kumwambia mtu ampigie nani kura. "Kanisani hapa hatufanyi siasa, wapendwa," alinguruma kila Jumapili ya kabla ya uchaguzi, akijifuta jasho kwa leso nyeupe iliyopigwa pasi. Kisha aliwasalimia wagombea mbele ya waumini. Mmoja alimpa mkono mmoja. Mwingine alimshika kwa mikono yote miwili, minene, laini kama unga uliokandwa. Basi. Mtaa mzima wa mashariki ya jiji la Cleveland, Marekani, ukawa umeshajua diwani atakuwa nani. Dada Vernell, mkuu wa wahudumu wa mlangoni, alikuwa ameitazama mikono hiyo miaka nenda rudi, lakini safari hii alikodoa macho, maana mgombea mmoja alikuwa Lorraine, binti yake wa kumzaa. Mwingine alikuwa diwani wa siku zote, aliyeutia lami uwanja wa kanisa. Lorraine akapata mkono mmoja. Diwani akapata miwili.

Ibada ilipokwisha, Mchungaji alisimama mlangoni kama kawaida yake, akiulizia magoti ya huyu na kusifia pai ya viazi vitamu ya yule.

"Dada yangu Vernell! Binti yetu namwombea usiku na mchana, unajua?" Akanyoosha mikono yote miwili.

"Tunashukuru, Mchungaji," alisema Vernell, akampa mkono mmoja wenye glavu nyeupe. Wa pili aliuweka mgongoni.

Akina mama waliopanga foleni nyuma yake waliona. Aliyefuata akatoa mkono mmoja. Wa nyuma yake pia. Mchungaji akachungulia foleni inakoishia, akaanza kuitafuta leso yake.