Karatasi ya Jembe na Nyumba

Nyumbani kwangu Isevya kuna kabati ambalo mume wangu analiita ofisi ya tume. Ndani yake mna kofia za kampeni, kanga, beji za kubana kifuani, karatasi za mfano wanazogawa kabla ya siku ya kura, na fulana zilizopauka mpaka mgombea amebaki masharubu tu. Hakuna chama nilichokibagua. Wageni wakiliona hudhani nina mpango wa kugombea. Mume wangu huwaambia hapana, ni ugonjwa, na dawa yake haijapatikana.

Mimi ni fundi cherehani, na ugonjwa wenyewe niliupatia kazini. Uchaguzi ukipita, watu huniletea fulana na kanga za wagombea niwashonee foronya na aproni. Mimi sipendi kupitisha mkasi kwenye sura ya mtu, na sijui wenzangu wanawezaje kumkalia mbunge wao kwenye mto wa kiti. Basi nawashonea kwa kitambaa kingine, na sura inabaki kwangu.

Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa namtafuta baba.

Baba aligombea ubunge enzi za chama kimoja, mimi nikiwa tumboni. Siku hizo wagombea walikuwa wawili, wote wa chama hichohicho, na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake nyumba. Baba aliangukiwa na nyumba. Kwa wakulima wa huku kwetu, jembe lilikuwa limeshashinda kabla kampeni hazijaanza. Mama anasema baba alilijua hilo tangu siku ya kupewa alama, na bado alizunguka jimbo zima akiomba kura kwa heshima zote. Alishindwa. Haukupita muda homa ikamchukua, nami hata kutambaa sijaanza.

Picha zake zilikuwa kwenye kasha la mbao, na mchwa wa Tabora hawana huruma na marehemu. Nikakua bila sura ya baba. Nilikuwa na maneno ya mama tu: alikuwa mpole, alipenda karanga za kuchemsha, na hakuwa mtu wa kujitazama kwenye kioo. Maneno ya namna hiyo huwezi kuyatundika ukutani.

Mama sasa anaishi nami. Mwaka juzi daktari alituambia ana presha ya macho, kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi, na iliyobaki nayo inapungua. Tulipofika nyumbani alikaa kitandani, akaniambia, "Hizo takataka zako za uchaguzi. Kama ile karatasi yenye picha ya baba yako ipo mahali, itafute sasa, wakati bado naona."

Maisha yangu yote hakuwahi kuitaja karatasi hiyo. Mimi nilidhani natafuta peke yangu.

Tangu siku hiyo sikumpima mteja kiuno bila kumuuliza kama kwao kuna karatasi za zamani za uchaguzi. Wengi walicheka. Mmoja, mama aliyekuja kushonewa sare za harusi, hakucheka. Alisema mama mkwe wake, huko Lusu, Nzega, ana sanduku, na ndani ya mfuniko wake kuna picha ya wanaume wawili ambao hakuna mjukuu aliyewahi kuambiwa ni akina nani.

Nilipanda basi la Nzega na doti ya kitenge kwenye mkoba. Nilimkuta bibi huyo uani akimenya karanga. Nikapiga goti, nikamwamkia, akaitika marahaba huku akinitazama muda mrefu kuliko salamu ilivyohitaji. Hakuniuliza shida yangu mpaka nilipokula na kunawa. Niliposema mimi ni binti wa yule mgombea wa nyumba, aliinuka akanipeleka chumbani.

Zamani msichana aliyeolewa aliingia kwa mumewe na sanduku lake, na ndani ya mfuniko alibandika picha alizozipenda kwa uji wa muhogo, ili kila akifungua kutoa kanga akutane na kitu kizuri. La bibi lilikuwa na picha moja tu. Ilikuwa karatasi ya kampeni, wanaume wawili bega kwa bega. Chini, palipokuwa na majina na alama, mende walikuwa wamekula wakamaliza.

Mimi ninayeweza kukutajia kofia ni ya uchaguzi gani kwa kuitazama mshono tu, nilisimama pale nisijue baba yangu ni yupi. Halafu moyo ukachagua. Wa kushoto alikuwa na kifua kipana na mdomo unaokaribia kucheka, baba ambaye mtu yeyote angemtaka. Nikaweka kidole juu yake nikaanza kulia. Bibi aliniacha nilie kidogo.

"Mwanangu," alisema, "huyo ni wangu. Wako ni huyu."

Wa kulia alikuwa mwembamba, macho yameikodolea kamera kama mtu aliyeulizwa swali gumu, na masikio yamesimama wima. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye masikio yangu, haya ninayoyaficha ndani ya kilemba tangu usichana. Bibi akasema alinijua tangu nilipoingia uani, kilemba au hakuna kilemba.

Akanisimulia. Wagombea wote wawili walizungushwa kwenye Land Rover moja, kijiji hadi kijiji, kila mmoja akingoja mwenzake amalize kuhutubia. Walilala chumba kimoja, wakala ugali wa sinia moja. Baba alipofariki, mumewe, mheshimiwa mbunge tayari, alikuja msibani akashika koleo la kuchimba kaburi. Aliporudi ndipo alipomwomba mkewe aibandike karatasi ile mahali isipopotea.

Nilitoa kitenge, nikaanza kuzungukazunguka kwa maneno, kwamba labda kile kipande cha kulia. Hakuningoja nimalize.

"Siwatenganishi," alisema. "Lakini piga picha. Piga nyingi, mama yako achague."

Nilipiga kwa simu mpaka chaji ikakaribia kuisha. Mjini nilikwenda studio wakaichapa kubwa, ukubwa wa kalenda, wote wawili kama walivyo.

Mama alikuwa barazani, upande wenye mwanga. Nilimwekea picha mapajani bila kumwambia baba yupo upande gani. Aliiinua, akaisogeza karibu na uso, karibu zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaipitisha polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa yule wa kifua kipana hakusimama. Alipofika kwa baba alisimama, akakaa hapo muda mrefu, nami nikawa namwombea macho yake yasimtupe mkono.

"Kola imekunjika," alisema hatimaye. "Asubuhi ile nilimwambia."

Akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuinyoosha.