Wembe Haukati

Miaka arobaini nanyoa watu hapa mjini Tokat, na miwili ya mwisho mkono umeanza kutetemeka. Sikumwambia mtu. Shabu ndiyo iliyonisitiri. Nikimchanja mteja, nalowesha lile jiwe jeupe na kuligandamiza penye mchanjo. Linawasha kidogo, ngozi inajikaza, damu inaganda, yamekwisha. Kila kinyozi anapaka shabu, kwa hiyo nani angeshuku?

Kisha akaja Tuncay, mtoto wa jirani yangu, kunyolewa siku ya harusi yake. Rafiki zake walijaa dukani, ngoma na zumari mlangoni. Desturi yetu ni kwamba katikati ya kunyoa, kinyozi anaacha na kulalamika kwamba wembe haukati, mpaka atuzwe.

Nilikuwa chini ya kidevu mkono uliporuka. Damu ikachuruzika hadi kwenye kola nyeupe. Mungu wangu! Badala ya kukiri kwamba nimemkata, nikageukia watu na kupaza sauti, "Wembe haukati!"

Wakashangilia, noti zikamiminika. Huku nimewapa mgongo, nikabana shabu kwenye kidevu. Lakini huu haukuwa mchanjo mdogo. Kila nikiinua jiwe, damu inarudi. Rafiki mmoja akachungulia.

"We fundi Cemal! Haukati, na damu hiyo je?"

Nikamtazama Tuncay, nikasema, "Umetikisika, mwanangu."

Alijua. Alikuwa ameutazama mkono wangu kwenye kioo muda wote.

"Kweli, fundi," akasema. "Nimetikisika mimi."

Duka zima likaangua kicheko. "Bwana harusi anaogopa mke! Mshikeni asikimbie!" Na mimi, mzee mzima, nikacheka nao, tena kuwashinda. Nikagandamiza shabu kwa mikono miwili mpaka damu ikakata, naye akaenda kwa bibi harusi na doa kwenye kola.

Nilitaka kwenda kumwomba radhi. Wiki ikapita, nikaona haya. Ya pili, vilevile.

Jumamosi iliyopita akaingia, duka limejaa watu, akanisalimu kwa adabu kama kawaida na kukaa kitini.

"Nywele tu leo, fundi. Ndevu nimenyoa nyumbani."

Nikamfunika shuka, nikachukua mkasi. Akaushika mkono wangu, akauvuta chini ya shuka, pasipoonekana na mtu, akangoja mpaka ukatulia.